Chakula cha mbwa mdogo jijini Mwanza: cha kupimiwa, cha mfuko uliofungwa, na dagaa wa Mwaloni

Mwezi wa tano jirani yangu wa Pasiansi alihamishiwa Dodoma kikazi, na kwa kuwa mwenye nyumba aliyempata huko hakutaka mnyama uani kwake, aliniachia mbwa wake jike, mdogo wa umbo, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Furu, kama wale samaki wadogo wa ziwani. Daktari wa mifugo aliyemwona katika juma la kwanza alimtazama meno na kumkadiria umri wa miaka miwili, akampa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha akampima uzito na kupata kilo 4.3. Aliniambia nipitishe kiganja ubavuni mwake, na mbavu zilihesabika moja moja chini ya manyoya. "Mama," alisema, "tumbo la huyu linajaa kila siku, lakini mwili haupati kitu. Mtafutie chakula kinachomfaa, umfikishe kilo tano."

Agizo hilo lilionekana jepesi hadi nilipoanza kulitekeleza. Katika miezi minne iliyopita nimemlisha Furu chakula kikavu cha kupimiwa kwa kilo, chakula kikavu cha mfuko uliofungwa kiwandani, na dagaa wa Mwaloni niliowachagua na kuwapika mwenyewe, na tathmini hii ninamwandikia mtu wa Mwanza, au wa Musoma na Bukoba, ambaye amekabidhiwa mbwa mdogo na hajui aanzie wapi. Sitaji chapa yoyote, kwa sababu mzigo unaofika katika maduka yetu hubadilika mara kwa mara, na anayejua kusoma mfuko atafaidika kuliko anayekariri jina.

Kwanza nieleze kwa nini udogo wa mbwa ni jambo la kuzingatia. Wengi wetu huamini kwamba mbwa mdogo anatosheka na kipande cha chakula kilekile anachopewa mbwa mkubwa wa ulinzi. Ni kweli kwamba kiasi chake ni kidogo, lakini kwa kila kilo ya mwili mbwa mdogo hutumia nishati nyingi zaidi. Madaktari wa mifugo hukadiria mahitaji ya mbwa kwa kuupandisha uzito wake kwa kipeo cha 0.75 na kuzidisha kwa 70, kisha jibu huzidishwa tena kwa takriban 1.6 kwa mbwa mzima wa nyumbani asiyefanya kazi nzito. Kwa mbwa wa kilo 5 hesabu hiyo inatoa kama kilokalori 370 kwa siku, yaani karibu 75 kwa kila kilo, ilhali mbwa wa kilo 30 anahitaji kama kilokalori 1,440, ambazo ni 48 tu kwa kila kilo. Mbwa mdogo, kwa hiyo, ana mahitaji makubwa na nafasi finyu ya kuyaweka, na kila tonge lisilo na lishe linachukua mahali pa tonge ambalo lingemjenga.

Hapo ndipo ugali na makombo, alivyokuwa akilishwa kwa jirani yangu, vilipomkosesha Furu. Sina ugomvi na wanga wenyewe, kwa kuwa mbwa ana uwezo mzuri wa kuumeng'enya. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga kuliko mbwa mwitu wa kijivu, ambao ndio asili yao. Tatizo ni kwamba zaidi ya nusu ya ugali ni maji, unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9 tu, na unga wa muhogo, ambao katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa ndio ugali wenyewe, una kama asilimia 1 au 2. Kiwango cha chini cha protini kwa mbwa mzima, kwa mujibu wa shirika la Marekani liitwalo AAFCO, ni asilimia 18 ya chakula kikishaondolewa maji yote, na kwa mtoto wa mbwa ni asilimia 22.5.

Mchuzi wa nyumbani nao una hatari yake, ambayo jirani yangu hakuijua na mimi nilikuwa siijui. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vimeiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Madhara ya wazi yameonekana kwa mbwa waliokula gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili, na kwa mbwa wa kilo 5 hicho ni kitunguu kimoja cha wastani. Mbwa mkubwa wa getini anaweza kulamba sufuria la mchuzi lisimdhuru. Furu hana nafasi hiyo. Tangu siku niliyoelezwa hayo, hakuna mchuzi wa familia unaoingia katika bakuli lake.

Chakula cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha kupimiwa. Katika duka moja la pembejeo na dawa za mifugo katikati ya mji nilikuta mfuko mkubwa umefunguliwa mdomo, umekaa sakafuni chini ya rafu yenye dawa za kuogeshea ng'ombe, na kopo la kupimia limezama ndani yake. Nilipouliza tarehe ya mwisho ya matumizi, kijana wa dukani aliniambia kwa upole kwamba mfuko umefunguliwa siku nyingi kidogo, na kwamba maandishi yako upande wa ukutani. Nilinunua kilo mbili kwa sababu bei ilinivutia. Furu alikula siku mbili, siku ya tatu akatapika, na siku ya nne alinusa bakuli akaenda kulala. Nilipokinusa mwenyewe kwa makini, nilisikia harufu ya mafuta yaliyokaa.

Baadaye nilielewa sababu. Punje za chakula kikavu hupikwa kwa mvuke na shinikizo, na sehemu kubwa ya mafuta hunyunyiziwa juu yake baadaye ili kuzipa ladha, hivyo mafuta hayo yanakuwa ya kwanza kukutana na hewa mfuko unapofunguliwa. Yakikaa wazi kwa majuma kadhaa yanaoza kwa hewa, na vitamini A na E zinapungua pamoja nayo. Unyevunyevu wa mji wa kando ya ziwa unaongeza hatari ya pili, ambayo ni ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ndiyo iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ana ini lisilostahimili sumu hiyo hata kidogo. Kwa sababu hiyohiyo sikujaribu kabisa mchanganyiko wa pumba na dagaa unaosagwa mashineni na kuuzwa kwa ajili ya mbwa wa ulinzi, kwani mnunuzi hana njia ya kujua mahindi yake yalilala ghala gani.

Sitaki kuwadharau wanaonunua kwa kupimiwa, maana mfuko mzima ni fedha nyingi kutoka kwa mara moja. Ninachosema ni kwamba mwuzaji anayepima anapaswa kuufunga mdomo wa mfuko kila baada ya mteja, kuuweka mbali na dawa za sumu, na kumwonyesha mteja maandishi yote bila kuombwa. Duka likifanya hayo, na mfuko ukawa unaisha ndani ya siku chache, ningenunua hapo. Duka nililoenda halikufanya hata moja kati ya hayo, na kilo moja na nusu iliyobaki niliitupa.

Chakula cha pili nilikipata katika duka dogo njiani kuelekea uwanja wa ndege, ambako mama mwenye duka anauza mifuko ya kilo 2 iliyofungwa kiwandani, iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya mbwa wadogo waliokomaa. Kwa kilo, nililipa karibu mara mbili ya bei ya kupimiwa. Nilikaa na mfuko huo mezani jioni nzima nikiusoma, na kwa kuwa mifuko mingi haina maneno ya Kiswahili, nitaeleza nilichokitafuta.

La kwanza na kubwa ni tamko kwamba chakula hicho ni kamili, yaani mbwa anaweza kukila peke yake kila siku na asikose kirutubisho chochote. Mifuko mingine, hasa ya biskuti na ya vitafunio, husema wazi kwamba ni ya nyongeza tu, na picha ya mbwa mwenye afya iliyochapishwa mbele haibadilishi ukweli huo. Tamko linapaswa pia kutaja hatua ya maisha. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2 ya chakula kikavu, mbwa mzima asilimia 0.5, na hata kwa mzima kalsiamu ikizidi au kupungua sana ikilinganishwa na fosforasi mifupa huathirika. Mbwa wadogo hukomaa mapema, kati ya miezi tisa na kumi na miwili, kwa hiyo anayepokea mbwa wa mwaka mmoja na zaidi hana haja ya kununua chakula cha watoto.

La pili ni usajili. Vyakula vya mbwa vinavyotengenezwa Afrika Kusini husajiliwa chini ya Sheria Na. 36 ya mwaka 1947, na mfuko halali huonyesha namba inayoanza na herufi V pamoja na jina la sheria hiyo. Mfuko wangu ulikuwa nayo, na tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa mbali kwa miezi saba. Protini iliandikwa asilimia 24, mafuta 14, unyevu 10, na nishati ilikuwa kilokalori 365 kwa gramu 100. Asilimia ya protini hailinganishwi moja kwa moja kati ya chakula kikavu na cha kopo: kopo lenye protini ya asilimia 8 na maji ya asilimia 78, ukiyaondoa maji, lina protini ya asilimia 36. Hata hivyo vyakula vya kopo sikuviendeleza, kwa kuwa kopo likishafunguliwa linahitaji friji, na umeme wetu unakatika.

Punje zenyewe zilikuwa ndogo kama maharage, na Furu alizitafuna badala ya kuzimeza nzima kama alivyofanya na zile kubwa za kupimiwa. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mbwa wadogo wana meno yaliyobanana katika taya fupi, huota ugaga upesi, na punje isiyolingana na mdomo haitafunwi. Kasoro ya mfuko huo ni mbili. Jedwali la kiasi cha kulisha lilikuwa na ukarimu kupita kiasi, likipendekeza gramu 125 kwa mbwa wa kilo 5, ambazo zingempa Furu zaidi ya kilokalori 450 kwa siku na baada ya muda zingemnenepesha; nilifuata hesabu ya daktari badala yake. Kasoro ya pili ni kwamba mfuko hauna kifungio, hivyo ninaukunja mdomo, ninaubana kwa kibanio cha nguo, na kuutumbukiza mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Sasa nije kwa dagaa, ambao kwa mtu wa Mwanza ndio utajiri wa karibu, na ambao nilitumia muda mrefu kuliko vyote kujifunza kuwachagua. Nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, mara tatu kabla sijaridhika. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao laini, huleta pia kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Tofauti ya ubora, hata hivyo, ni kubwa kuliko nilivyodhani. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga wa ufukweni ni wa bei nafuu, lakini nilipowaloweka gramu 100 katika maji ya moto na kuwachambua, chini ya bakuli ulibaki mchanga wa kujaza kijiko cha chai. Dagaa waliokaushwa juu ya kichanja walikuwa weupe wenye kung'aa, wamenyooka, na maji yao yalibaki karibu safi. Mama mmoja wa Mwaloni alinifundisha kuvunja dagaa mmoja katikati na kumnusa: aliyekauka vizuri huvunjika kwa sauti na harufu yake ni ya samaki, aliyenyeshewa mvua akiwa hajakauka hupindika na kunukia uchachu. Aliniambia pia nisije siku za mbalamwezi nikitarajia bei nzuri, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawazifuati taa na wavuvi wengi hupumzika.

Ninawaosha mara tatu kwa maji ya moto, kisha ninawachemsha dakika kumi na tano bila chumvi, bila mafuta na bila kitunguu. Kuwapika si kwa ajili ya usafi pekee. Baadhi ya samaki wabichi wa maji baridi wana kimeng'enya kiitwacho thiaminase kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiangamiza, kwa hiyo sikubali ushauri wa wale wanaosema mbwa apewe samaki mbichi kwa kuwa ndio asili yake.

Furu anawapenda dagaa hao kiasi kwamba husimama mlangoni mwa jikoni maji yakianza kuchemka, na katika juma la kwanza nilishawishika kumlisha dagaa na wali pekee, nikiacha kabisa mfuko. Daktari alinizuia, na nilipochunguza niliona ana haki. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya nyumbani kwa ajili ya mbwa wazima, mengi yakitoka katika vitabu na mitandao, na asilimia 95 ya mapishi hayo yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Chakula cha nyumbani kinaweza kutosha, lakini kwa mapishi yaliyopimwa na mtaalamu wa lishe pamoja na virutubisho vya kuongeza. Dagaa na wali havifiki hapo, hata kama mbwa anavifurahia.

Niliishia kwenye mgawanyo ambao wataalamu wengi huupendekeza: vyakula vya ziada visipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na kinachobaki kitoke katika chakula kamili. Kwa Furu hiyo ni gramu 90 za punje na gramu 10 za dagaa wakavu kabla ya kuwaloweka, zinazopimwa kwa mizani ya jikoni na kugawanywa asubuhi na jioni. Gramu 10 za dagaa ni kiganja kidogo, lakini supu yake ikimwagiwa juu ya punje, bakuli zima hunukia samaki na hakuna punje inayobaki. Mtoto wa mbwa mdogo asilishwe mara mbili tu, bali mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu sukari ya damu yake hushuka haraka akikaa na njaa.

Kuhusu bidhaa nyingine za samaki zinazopatikana Mwaloni na kando ya viwanda, ninashauri tahadhari. Mapanki ya sangara, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa, ni rahisi na yana nyama nzuri kichwani, lakini mifupa yake iliyopikwa ni migumu yenye ncha, na katika koo la mbwa wa kilo 5 mfupa mmoja unatosha kumpeleka kwa daktari. Anayetaka kuyatumia achambue nyama yote kwa vidole na kutupa mifupa. Kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, ina chumvi nyingi mno na haifai kwa mbwa, hata ikilowekwa usiku kucha.

Mabadiliko niliyafanya kwa siku kumi. Siku tatu za kwanza robo ya bakuli ilikuwa punje mpya na robo tatu ugali na dagaa aliouzoea, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, na siku ya kumi ugali uliondoka. Siku ya tano kinyesi kililegea, nikarudi hatua moja nyuma kwa siku mbili, na kikakaza. Anayempokea mbwa mgeni nyumbani asiharakishe hapa, kwa sababu mnyama aliyepoteza mwenyeji wake tayari ana mashaka, na kumbadilishia nyumba na chakula katika siku moja ni kumzidishia mzigo. Ningependa jirani yangu angeniachia chakula cha juma moja cha kile alichokuwa akimlisha, hata kama kilikuwa ugali.

Baada ya miezi minne Furu ana kilo 5.1. Mbavu zake bado zinagusika chini ya kiganja, kama inavyotakiwa, ila hazionekani tena kwa macho. Manyoya yaliyokuwa yakidondoka kwenye mkeka yamepungua sana, na haombi tena chakula mezani. Meno ya nyuma bado yana ugaga ambao punje hazikuuondoa, na daktari amepanga kuyasafisha.

Lawama yangu iliyobaki ni ya upatikanaji. Mwezi wa nane duka dogo la njiani liliishiwa mifuko ya kilo 2 kwa majuma mawili, likabaki na ya kilo 15 peke yake, ambayo kwa mbwa mmoja wa kilo 5 ingekaa wazi zaidi ya miezi mitano. Nilikataa kuinunua, nikazunguka maduka manne hadi Igoma bila mafanikio, na nikarefusha mfuko niliokuwa nao kwa kuongeza mayai ya kuchemsha. Mama mwenye duka alinisikiliza malalamiko yangu bila kukasirika, akaanza kuagiza mifuko midogo mingi zaidi, na sasa anaandika kwa kalamu tarehe ambayo kila mzigo ulifika. Mfuko ulioko ndooni kwangu leo nimeufungua Jumatatu, nami pia nimeuandika tarehe. Kwa gramu 90 kwa siku utamfikisha Furu siku ya ishirini na mbili, na wa pili uko rafuni haujafunguliwa.